Bustani za mjini zisipewe tuzo kabla ya miaka 10

Msimamo wangu nautanguliza, anayepinga aje: bustani au uwanja wowote wa umma usipewe tuzo ya usanifu mpaka utimize miaka 10 tangu watu waanze kuutumia.

Sisemi hivi kwa chuki na wasanifu wa mandhari, yaani wanaobuni bustani na viwanja vya wazi. Chukueni Superkilen, bustani ya umma iliyofunguliwa mwaka 2012 kule Nørrebro, mtaa wa Copenhagen, Denmark, wenye wahamiaji wengi. Ni ukanda mwembamba wa takriban mita 750. Wasanifu wa kampuni za BIG na Topotek 1, wakishirikiana na wasanii wa kikundi cha Superflex, waliwauliza wakazi: kwenu mlikotoka kuna kitu gani mngependa kukiona hapa? Vikaja vitu zaidi ya 100 kutoka nchi zaidi ya 50. Chemchemi ya Morocco, bembea za Iraq, ulingo wa ndondi wa Thailand. Wasichana 2 wenye asili ya Palestina walisafiri hadi huko wakarudi na udongo, na udongo ule umo bustanini mpaka leo. Kwangu mimi, hilo la udongo linazidi michoro yote. Mwaka 2016 Superkilen ikapata Tuzo ya Aga Khan ya Usanifu Majengo, na sina ugomvi na heshima ile.

Ila tazameni picha zilizoizungusha dunia nzima: ni za ule uwanja mwekundu, sehemu yake moja iliyopakwa rangi. Na rangi hiyo hiyo ndiyo iliyopauka, waendesha baiskeli wakalalamika kwamba ikilowa inateleza. Mpiga picha wa siku ya kwanza hawezi kuliona hilo. Analiona anayepita pale kila asubuhi, mvua na jua.

Tuzo ya Aga Khan angalau ina sharti kwamba mradi uwe umetumika mwaka mzima kabla ya kushindanishwa. Kwa jengo, pengine mwaka unatosha. Kwa bustani, mwaka mmoja ni masika moja na vuli moja. Jengo likikabidhiwa limekamilika. Bustani ikikabidhiwa ni miche na zege. Kivuli hakijaja, mizizi haijaanza kuinua vigae, na bado hatujajua maji yatatuama wapi. Jopo la majaji linapoipa alama wakati huo, linapima ahadi tu.

Wa Unguja mnaijua Forodhani. Bustani ile ni ya tangu miaka ya 1930, na ilifunguliwa upya Julai 2009 baada ya Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni kuikarabati pamoja na ukuta wa bahari. Mimi nikitaka kujua kama kazi ile ilifaa, naenda jua linapozama. Nawatazama vijana wakijirusha baharini kutoka ukutani, wauza mishkaki na juisi ya miwa wakiwasha taa, bibi akipata pa kukaa bila kununua kitu. Hiyo ndiyo karatasi ya mtihani, na husahihishwa kila siku.

Najua hoja inayokuja: tuzo huleta fedha na majina, bila hizo halmashauri haziwezi kushawishika kuacha kiwanja kizuri bila kujenga maduka. Hoja hiyo ina uzito, nakiri. Kiwanja cha wazi katikati ya mji kina maadui wengi, na medali humsaidia mtetezi wake. Lakini tuzo ya kusubiri inawezekana, kwani Chama cha Wasanifu wa Mandhari cha Marekani kinayo moja kwa ajili ya kazi zilizokamilika kati ya miaka 15 na 50 iliyopita. Basi na iwe ndiyo kubwa kuliko zote, isiwe ya pembeni.

Na fedha zake zigawanywe. Mwaka 2016 washindi 6 wa Tuzo ya Aga Khan waligawana dola milioni 1. Napendekeza fungu moja libaki bustanini kama mshahara wa anayemwagilia, anayepogoa, anayefagia alfajiri. Bila huyo, msanifu asingekuwa na cha kuonyesha mwaka wa 10.

Anayeona miaka 10 ni mingi anijibu hili moja: mwembe uliopandwa siku ya kukata utepe, muuza urojo ataanza kukaa kivulini mwake mwaka wa ngapi?