Tupeane uzoefu: skrini kubwa inataka tableti ya kuchorea ya ukubwa gani?

Mkwaju

Wakuu, salaam. Mtu anahama kutoka laptop, anaweka monita ya inchi 27 au 32, halafu tableti ndogo aliyoizoea inaanza kumkataa. Mkono ni uleule na kalamu ni ileile, ila mistari inatoka na meno. Swali hili linaulizwa kila siku, basi tukusanye majibu mahali pamoja. Sema skrini yako ni inchi ngapi, eneo la kuchorea la tableti yako lina ukubwa gani, na kazi yako ni ipi. Nazungumzia tableti zisizo na skrini, zile mkono unachora mezani na macho yako kwenye monita. Zenye skrini zina mambo yake.

Naanza mimi. Natumia monita ya inchi 27, upana wa kioo karibu sentimita 60. Tableti niliyotoka nayo kwenye laptop ina eneo la kuchorea la milimita 152 kwa 95. Pigeni hesabu: kalamu ikienda sentimita moja, kishale kinaenda karibu nne. Kwenye laptop ya inchi 14 kilikuwa kinaenda mbili tu.

Rangi na vivuli havikunisumbua hata kidogo. Kasheshe ilikuwa kwenye macho ya wahusika. Kope moja ni mstari mfupi unaoanza mzito na kuishia mwembamba. Mkono ukiyumba nusu milimita, kwenye kioo ni milimita mbili, kope imeshaingia ndani ya mboni. Nikawa nakuza picha mpaka jicho linajaa skrini nzima, nachora kope mbili tatu, napunguza nione uso wote, nakuta jicho limepanda juu kuliko mwenzake, nakuza tena. Nilipochukua ya kati (milimita 216 kwa 135), ile nne ikashuka chini ya tatu. Kope sasa nazichora uso mzima ukiwa mbele yangu. Kubwa zaidi ya hapo sijaona sababu.

Karibuni.

Safisha_Picha

Mkuu, mimi niko upande wa pili kabisa. Monita yangu ni inchi 32, tableti ni ndogo, na simbadilishii mtu. Kazi yangu ni kurekebisha picha za watu: chunusi, nywele zilizotoroka, mikunjo ya shati. Picha nimeshaikuza tayari, kwa hiyo naweka madoa mafupi mafupi, kisha nakimbilia leya (tabaka za picha) kulia, narudi kwenye zana kushoto. Kutwa nzima ndiyo hiyo. Kwenye tableti ndogo safari yote hiyo ni kiganja tu kinageuka. Niliwahi kufanyia kazi tableti kubwa ya ofisi, na jioni bega lilikuwa linawaka moto kwa kutembeza mkono kutoka pembe hadi pembe.

Anayechora mistari mirefu asinisikilize mimi.

BegaZima

Basi ngoja nimjibu mwenye bega, maana mimi nalitumia kwa makusudi 😄

Nimekulia kwenye mkaa na karatasi kubwa, nachora kwa bega na kiwiko, kiganja hakikunjiki. Tableti yangu ni kubwa, milimita 311 kwa 216, zaidi kidogo ya A4. Kwa monita ya inchi 27 kishale kinaenda kama mara mbili ya kalamu. Mgongo wa farasi, kuanzia shingoni hadi mkiani, nautoa kwa mvuto mmoja. Kwenye ndogo mgongo uleule nauunga vipande vipande, na mahali pa kuunga panaonekana.

Ila kuna jambo ambalo hakuna aliyeniambia: meza. Eneo la kuchorea ni sentimita 31, lakini mwili wa tableti yenyewe ni 43. Weka na kibodi hapo. Mwanzoni niliisogeza tableti kulia ili kibodi ikae katikati, na kila nguzo niliyochora ikawa inaegemea upande mmoja. Nikadhani draiva (programu inayoiunganisha tableti na kompyuta) ina hitilafu. Kumbe tableti ikikaa pembeni na kupinda kidogo, mkono unafuata kioo cha mbele huku kalamu inafuata tableti, na hizo pande mbili hazilingani tena. Sasa tableti inakaa katikati kabisa, kingo yake ya juu sambamba na skrini, na kibodi imehamia kushoto. Nguzo zimesimama.

Skrini2

Wenye monita mbili, tazameni mipangilio ya draiva kabla ya kuilaumu tableti. Mara nyingi ikitoka kwenye boksi inagawanywa kwa skrini zote mbili, hivyo kila skrini inapata nusu ya upana, na duara unalochora linakuwa yai lililolala. Elekeza tableti kwenye monita moja tu, kisha tenga kitufe cha kuhamia nyingine. Na uweke alama kwenye sehemu ya kulinda uwiano wa upana na kimo.

Mimi pia nimewahi kuwa na ile monita ndefu ya inchi 34, yenye uwiano wa 21:9. Ukilinda uwiano kwenye tableti ya kati ya 216 kwa 135, kimo kinachobaki ni kama milimita 90. Theluthi ya tableti imekufa. Suluhisho langu lilikuwa kuielekeza kwenye kipande cha katikati ya skrini, penye turubai, na paneli za pembeni kuziendea kwa mausi.

Mgeni_wa_Kalamu

Na skrini ya 4K je? Nimeambiwa tableti ndogo haina nukta za kutosha kwa pikseli zote zile.

Mkwaju

Hapana mkuu, zipo na zinabaki. Tableti nyingi za siku hizi zinasoma mistari 5080 kwa inchi, sawa na 200 kwa milimita. Upana wa milimita 152 unatoa nukta zaidi ya 30,000, wakati 4K ina pikseli 3840 kwa upana. Kila pikseli ina karibu nukta nane. Kinachoshindwa ni mkono wako na wangu. Kioo kikiwa na upana uleule, kutoka HD kwenda 4K hakubadilishi mwendo wa kishale hata chembe. Unachopata ni kuona mtetemeko wako vizuri zaidi.

KaratasiKwanza

Kabla hujanunua, kata karatasi. A6 inakaribia eneo la tableti ndogo, A5 la kati, A4 la kubwa. Ibandike mezani, kibodi ikiwa mahali pake, tazama skrini na uchore juu yake kwa kalamu ya kawaida kama nusu saa. Kiwiko kikigonga kibodi utajua. Mkono ukitoka nje ya karatasi kila mara, nayo utajua. Na soma vipimo vya eneo la kuchorea, si vya boksi.

Ukibaki njia panda, chukua iliyo kubwa kidogo. Kwenye draiva unaweza kupunguza eneo linalofanya kazi, kuongeza huwezi.

Begi_Mgongoni

Sisi wa kuhamahama ndogo ndiyo inayoingia kwenye begi. Nikifika kwenye skrini kubwa nawasha kilainisha mstari cha Krita (programu ya kuchorea), na turubai naizungusha badala ya kulazimisha kiganja. Mstari unachelewa kidogo nyuma ya kalamu, inabidi uuzoee.

Mkwaju

Bado sijaona aliyefanya televisheni ya inchi 40 na kuendelea kuwa monita yake. Kama upo, tuambie unakaa umbali gani na tableti yako ina vipimo gani.