Acheni kuficha ekstensheni kwenye masanduku, mtatuchoma melini!

Wakuu, heshima kwenu.

Mimi ni fundi umeme kwenye meli ya utalii. Kampuni siitaji, meli siitaji, kibarua bado nakihitaji. Nimesoma kimya kimya nyuzi zenu za "vitu vya kubeba ukienda safari ya meli" na mara nyingi naishia kucheka. Leo sicheki. Kuna ndugu yetu yuko Texas, anapandia meli Galveston, kaja hapa kujisifu jinsi alivyopitisha ekstensheni kwenye eksirei ya bandarini. Kaivingirisha ndani ya pempasi za mtoto. Na chini yake kuna msururu wa watu wanampongeza: "Mkuu umetisha", "akili nyingi hii", "nami nitafanya hivyo Desemba".

Umetisha nini? Umepakia kitu cha kuwasha moto kwenye chumba cha chuma kisicho na dirisha, umelala na wanao humo humo, halafu unapigiwa makofi.

Hoja kubwa kwenye ule uzi ni kwamba kampuni zinabania umeme. Jamani, umeme upo! Meli inazalisha wenyewe. Hizi meli kubwa jenereta zake zinatoa volti 6,600 au 11,000, na umeme huohuo ndio unaozungusha mpaka propela. Chaja zako tano hata hazionekani kwenye mita zangu. Hakuna mtu anayekaa chumba cha injini akilia kwa ajili ya simu yako. Shida ni kile kidude chenyewe kilivyotengenezwa, na leo nitakieleza hata kama mtaona kirefu.

Nyumbani kwako, iwe Mbagala au Houston, waya wa nyutro, ule wa kurudisha umeme, umefungwa na ethi, yaani ardhi. Umeme wa hatari uko kwenye waya mmoja, laivu. Ekstensheni yako imetengenezwa kwa kutegemea hivyo: swichi yake inakata laivu, na kibreka chake kidogo kinalinda laivu. Basi. Kwenye meli nyingi hakuna nyutro ya namna hiyo. Mfumo haujafungwa na bodi ya meli, yaani chuma chake, kabisa, kwa hiyo nyaya zote mbili zinazoingia kwenye soketi yako zina umeme ukipima dhidi ya chuma. Ukizima swichi ya ekstensheni umekata waya mmoja, wa pili bado uko hai ndani yake.

Kwa nini wamefanya hivyo? Kwa sababu baharini hutaki usukani au pampu izime kisa kuna waya umechubuka ukagusa chuma mahali. Mfumo ukiwa huru, kosa la kwanza la ethi, yaani waya mmoja kugusa chuma, halikati umeme. Kengele inalia kwetu, tunaanza kutafuta. Na kutafuta si kazi ya dakika tano, unafungua sakiti moja moja, deki kwa deki, mara nyingi kosa lenyewe ni taa ya nje iliyoingia maji ya chumvi. Muda wote huo abiria hawajui kitu, muziki unapigwa, watu wanakula. Lakini volteji ya zile nyaya dhidi ya bodi imeshabadilika. Kwenye mfumo wa fezi tatu, zile fezi mbili zisizo na kosa zinapanda karibu mara 1.73 ya zilivyokuwa.

Sasa rudi kwenye ekstensheni yako yenye kinga ya umeme kupanda ghafla. Ndani yake kuna vidude vidogo vya duara vinaitwa varista. Kazi yake ni moja: volteji ikizidi kiwango, vinafungua njia na kumwaga umeme kwenye ethi. Vimeundwa kwa ajili ya radi na ile mipigo ya ghafla inayopita kufumba na kufumbua. Vikilazimishwa kumwaga muda mrefu, kama pale volteji inapobaki juu wakati sisi tunatafuta kosa, vinachemka, vinapasuka, vinawasha plastiki iliyovizunguka. Na kile kibreka ulichokiamini kinalinda waya mmoja tu.

Walinzi wa Pwani wa Marekani walishatoa tahadhari ya usalama kuhusu jambo hilihili mwaka 2013, namba 03-13, baada ya vifaa hivi kuanzisha moto kwenye vyumba vya mabaharia ndani ya meli ya makontena. Tangu 2013! Na mpaka leo mtu ananijibu "mkuu hiyo ni biashara tu ya kampuni".

Kuna kipande nawaelewa. Tumekulia kwenye umeme unaokatika jioni na kurudi kwa kishindo usiku wa manane. Friji gadi ndiyo iliyookoa friji ya mama, na televisheni ya jirani asiyekuwa nayo tuliiona ikitoa moshi. Kwa hiyo mtu akisoma "ina kinga" anatulia roho. Nchi kavu uko sawa kabisa. Melini ile kinga ndiyo inayoshika moto, na ile ya bei rahisi isiyo na kinga yoyote ndiyo yenye nafuu. Najua haiingii akilini haraka. Ndiyo maana nimewachosha na habari za nyutro.

Nikupeni kisa. Chumba cha ndani, baba, mama na watoto watatu. Wanapiga simu mapokezi kwa hasira kwamba harufu ya samaki ya jikoni inaingia chumbani kwao. Jikoni liko mbali kabisa na pale. Stewadi, yaani mhudumu wa vyumba, wa ule ukanda, kijana wa Kifilipino mwenye akili zake timamu, hakuita watu wa usafi, akaniita mimi. Harufu ya samaki mahali pasipo samaki kila fundi umeme anaijua: kuna plastiki ya soketi au swichi inaungua taratibu.

Nikavuta kitanda. Ekstensheni ya Kimarekani, nyuma imeandikwa 125V, imechomekwa kwa adapta ya vipini vya duara kwenye soketi ya 220. Varista za 125V zikikutana na 220 hazisubiri radi wala kosa la ethi, zinaanza kumwaga hapohapo. Taa yake ya kijani ya kuonyesha kinga inafanya kazi ilikuwa imezima. Plastiki pembeni ya ile taa imevimba, imebadilika rangi kuwa ya chai ya rangi. Na juu yake wametandaza taulo la kuogelea, lina maji maji bado, ili stewadi asiione! Simu nazo zilikuwa zinaendelea kuchaji, kwa sababu chaja za simu zinakubali volti 100 mpaka 240. Hicho ndicho kilichowadanganya. Simu inachaji, basi kila kitu kiko shwari.

Unajua baba mwenye chumba aliniuliza nini nilipoichukua? "Nitarudishiwa lini?"

Na kuna ule mchezo mwingine mnafundishana humu wa kadi. Vyumba vingi unachomeka kadi mlangoni ndipo taa zinawaka, na kwenye baadhi ya meli soketi nazo zinategemea kadi hiyo. Mnatia kadi ya supamaketi, mnaondoka kwenda kula, umeme unabaki umewaka na mzigo wote umechomekwa chini ya kitanda, hakuna mtu. Mnaona mmeshinda mfumo. Ule mfumo uliwekwa ili chumba kisicho na mtu kisibaki na vitu vinavyowaka.

Wauzaji wa mtandaoni ndio wananichefua kuliko wote. "Imeidhinishwa kwa meli za utalii", na picha ya nanga juu ya boksi. Imeidhinishwa na nani? Hakuna ofisi inayogonga muhuri huo kwa bidhaa za abiria. Muuzaji kaandika mwenyewe kwa sababu anajua mtatafuta hayo maneno. Zingine kweli hazina kinga, kwa hiyo kampuni fulani zinaweza kukuachia. Zingine zina nanga kwenye boksi na ukigeuza nyuma pameandikwa joule kadhaa. Ukiona neno joule kwenye ekstensheni, humo ndani kuna varista, iache nyumbani kwako ilinde friji.

Halafu kampuni nazo zisijifiche nyuma ya mgongo wangu. Unamuuzia mtu chumba cha watu wanne, unampa soketi mbili pembeni ya kioo: moja ya 110 ya vipini bapa vya Kimarekani, moja ya 220 ya vipini vya duara. Kitandani hakuna kitu. Meli imejengwa enzi ambazo abiria alichaji kamera tu, imefanyiwa ukarabati, imepakwa rangi, imewekewa mitelezo ya maji deki ya juu, ila soketi ni zilezile. Kisha kwenye orodha ya vitu vilivyokatazwa unaandika "ekstensheni" katikati ya mapanga na mishumaa, bila sentensi hata moja ya sababu. Mtu mzima ukimkataza bila kumweleza atatafuta njia ya kukuzunguka, na njia yenyewe ndiyo hizo pempasi. Nimeshasema kwenye vikao vya ndani nikajibiwa kwamba maelezo marefu yanatia abiria hofu. Haya, tusiwatie hofu, tuwatie moshi.

Sheria zenyewe hazilingani, na hilo linaongeza fujo. Royal Caribbean mwaka 2024 iliziba mlango wote, ekstensheni na plagi za matundu mengi za abiria hazitakiwi hata kama hazina kinga. Kampuni nyingine zinakubali zisizo na kinga. Kwa hiyo "mimi mwaka juzi nilipita nayo" haina maana yoyote kwa mtu wa meli nyingine. Soma orodha ya kampuni yako, ya safari yako, siyo uzi wa humu.

Wenzangu mnaofanya kazi chini ya deki, msicheke, nanyi mmo. Najua chakula cha mesi kinachosha. Najua wali wa mle hauna nazi. Lakini jiko la wali chini ya kitanda cha juu na cha chini, kwenye chumba cha watu wawili chenye soketi moja, pamoja na hita ya kuchovya ya kuchemshia maji ya chai? Fanyeni hesabu kidogo. Kifaa cha wati 1,500 kwenye volti 110 kinavuta karibu ampea 14. Wati hizohizo kwenye 220 ni chini ya ampea 7. Ile ekstensheni yenu ya bei ya kutupa yenye waya mwembamba kwenye 110 inabeba ampea mara mbili ya zile mnazozidhania, imekunjwa kunjwa nyuma ya kabati pasipo na hewa. Na nyie mmefundishwa kuzima moto, hamuwezi kusema hamkujua.

Maana baharini hakuna gari la zimamoto la kuita. Zimamoto ni sisi. Kwenye meli nyingi tangazo la moto ni "Bravo, Bravo, Bravo", na likisikika saa tisa usiku anayevaa mtungi wa hewa mgongoni ni fundi bomba aliyepata usingizi wa saa mbili tu, anayevuta mpira ni mhudumu wa baa, na mimi niko kwenye paneli nakata umeme wa ukanda mzima nikiomba nisiwe nimekata wa watu wanaotafuta njia gizani.

Sasa kwa wale watakaoniambia "basi tufanyeje, tukae na simu zimezima". Beba chaja moja ya USB yenye matundu manne au sita, isiyo na waya mrefu wala kinga, na uangalie kama imeandikwa 100-240V. Inatosha familia. Plagi zetu za vipini vitatu vya Kiingereza, hizi za Tanzania na Kenya, meli nyingi haziingii, kwa hiyo beba adapta ya vipini bapa au vya duara, na ukumbuke adapta haibadilishi volti hata kidogo, inabadilisha umbo tu. Mashine ya kunyooshea nywele ya 110 usiisogeze kwenye 220. Pasi na jagi la umeme acha nyumbani, vitachukuliwa. Soketi ya bafuni imeandikwa ni ya mashine ya kunyolea, ni ya mashine ya kunyolea, kitransfoma chake ni kidogo. Na mwenye mashine ya kumsaidia kupumua usiku, waandikie kampuni kabla ya kusafiri, utapewa waya wa meli wenyewe uliokaguliwa. Hilo tunalifanya kila safari na hatulalamiki.

Mwenye ekstensheni asiyoielewa aweke hapa picha ya maandishi ya nyuma, siyo ya boksi, nitamwambia nini kimo ndani. Wale wa "mbona mimi miaka yote natumia na haijatokea kitu" msinipigie kelele, siwajibu. Na wewe unayetaka kumuiga wa pempasi, safari yako ni Desemba umesema. Taja meli basi, nijue kama ni ya kwangu.