Mjadala: Je, chai ya mboji ipendekezwe kuwa mbadala wa mbolea ya dukani Nyanda za Juu Kusini?

Ndugu washiriki, hoja iliyo mbele yetu ni kama maafisa ugani wa Mbeya, Iringa na Njombe wawashauri wakulima wadogo waache mbolea ya dukani na kutumia chai ya mboji, yaani maji yaliyolowekewa mboji. Baadhi ya waliotangulia wanasema pipa moja linatosha kumwondolea mkulima haja ya urea. Wengine wanasema hayo ni maji machafu yasiyostahili kufundishwa. Mimi chai hiyo naithamini na ningependa ifundishwe, lakini napinga kwa dhati kuiita mbadala.

Tuanze na hesabu. Urea ina asilimia 46 ya naitrojeni, kwa hiyo mfuko wa kilo 50 unabeba kilo 23. Virutubisho vya chai ya mboji ni hafifu. Hata tukikadiria kwa ukarimu kwamba kila lita ina gramu nzima ya naitrojeni, pipa la lita 200 litatoa gramu 200 tu, na yatahitajika mapipa 115 ili kuufikia mfuko huo mmoja. Nani atayapandisha mapipa hayo kwenye miteremko ya Uporoto au Umalila wakati wa kukuzia mahindi, katikati ya mvua? Tusifichane: mzigo huo utawaangukia akina mama na watoto.

Udongo wetu nao una madai yake. Ule wa majivu ya volkano wa Rungwe huing'ang'ania fosforasi hata mizizi ikaikosa, na sehemu nyingi za Njombe na Mufindi zina tindikali ambayo huondolewa kwa chokaa ya kilimo, si kwa chai. Kinachouwezesha udongo kushika maji na virutubisho ni mboji yenyewe, na sehemu yake kubwa hubaki ndani ya kiroba baada ya kuchuja. Inasikitisha kumwona mkulima akifundishwa kuchuja chai kwa uangalifu, kisha machicha yanatupwa.

Jambo linalonitia wasiwasi zaidi ni mboga za majani. Katika vinyungu vya Iringa na Njombe, ambako wakati wa kiangazi mchicha, figiri na kabichi hustawi mabondeni, wapo wanaonyunyizia majani chai iliyotokana na samadi isiyoiva, tena wakiongeza molasi ili, kama wasemavyo, vijidudu vizuri viongezeke. Molasi haichagui: bakteria wa kinyesi, akiwemo E. koli, wakiwemo hata kwa uchache, nao hula na kuzaana. Marekani, kikosi kazi kilichoishauri bodi ya taifa ya viwango vya kilimo hai mwaka 2004 kilipendekeza kwamba chai iliyoongezwa viambato vya aina hiyo, ikiwa haijapimwa, ichukuliwe kama samadi mbichi, yaani isitumike ndani ya siku 120 kabla ya kuvuna zao ambalo sehemu yake ya kuliwa hugusa udongo, au siku 90 kwa zao lisilougusa. Mchicha huvunwa muda mfupi mno baada ya kupandwa; tahadhari hiyo haiwezekani kwake kabisa. Chai basi imwagwe shinani, itokane na mboji iliyopata joto na kuiva barabara, na maji yake yawe safi.

Ikitumiwa hivyo, inafaa kwenye kitalu cha nyanya au kabichi, ambako eneo ni dogo na potasiamu huyeyuka kirahisi ikaifikia miche mapema. Kuhusu bakajani, ugonjwa wa ukungu wa viazi mviringo, matokeo ya majaribio ya chai ya mboji yamekuwa hayalingani, na sioni haki kumwambia mtu ategemee pipa huku shamba lake likinyauka.

Mchangiaji mmoja ameuliza swali zito: asiyemudu mfuko hata baada ya ruzuku iliyoanza mwaka 2022 afanye nini? Naamini nguvu zake ziende kwenye lundo. Mabua yasichomwe; yachanganywe na samadi na majani ya alizeti pori, lundo ligeuzwe hadi liive, kisha mboji iwekwe kwenye kila shimo la kupandia, hata kama ni konzi moja, pamoja na kiasi chochote cha mbolea alichoweza kukipata.

Kwa wanaotetea mbadala nina ombi moja. Mtuonyeshe shamba lenye safu zilizopata chai, safu zisizopata kitu, na safu zilizopata maji matupu kwa kipimo kile kile cha chai. Bila safu hizo za maji matupu, hasa kwenye bustani za kiangazi, hatuwezi kujua kama kilichostawisha mimea ni chai au ni kule kumwagiliwa tu.