Naombeni ushauri: mashindano ya mazingira sekondari bila ngonjera inawezekana?

Mwl_wa_Bios
Wakuu habari za jioni. Nafundisha biolojia sekondari moja ya kata hapa Morogoro na ndo mlezi wa klabu ya mazingira, sikuomba nilikabidhiwa tu. Kila mwaka tunashindana na shule tatu za jirani na kila mwaka ni yale yale, ngonjera, mchoro wa dunia inalia, mgeni rasmi anapanda mti anapigwa picha, wiki tatu mbele mbuzi kashaula. Safari hii nataka watoto washike vitu, wapime, wachafuke. Bajeti ni laki na themanini na humo humo kuna soda na maji ya wageni. Vifaa vya kupimia maji hatuna hata kimoja. Naanzia wapi, na maksi natoaje shule zingine zisije zikasema tumependelea watoto wetu?

kobe mzee
Kata soda kwanza mwalimu 😂

Baba Ayubu
Niko Ohio huku, kijana wangu yupo timu ya shule yao ya Envirothon, mashindano ya mazingira ya wanafunzi, so nakuambia nilichokiona kwa macho. Yalianzia Pennsylvania 1979, saa hizi yapo majimbo mengi ya Marekani na Kanada. Timu ni watoto watano, wanapelekwa nje huko kuna vituo: udongo, misitu, viumbe wa majini, wanyamapori na kimoja cha mada ya mwaka huo. Wanazunguka na karatasi ya maswali ila jibu liko chini ya miguu yao. Halafu kuna kusimama mbele ya majaji wanapewa tatizo la kweli la eneo fulani waseme watalitatuaje. Kituo cha udongo mwenzenu nilicheka, ni SHIMO, watoto wanaingia ndani wanasoma matabaka. Hapo bongo hilo ni jembe na vijana wawili tu.
Alafu kuna mtihani wa utepe, kijana alinionyesha jikoni mama yake akanuna. Unalowesha udongo kidogo, unafinyanga kama tonge, unausukuma taratibu kati ya kidole gumba na cha shahada utoke utepe. Ukikatika kabla ya sentimita mbili na nusu udongo wa mfinyanzi ni kidogo, ukipita tano huo ni udongo wa mfinyanzi wenyewe.

Nyuki dume
Kwenye miti usinunue kitu. Fimbo iliyonyooka, kipande kinachobaki juu ya ngumi kiwe sawa na umbali wa kutoka jichoni hadi ngumi. Nyoosha mkono, fimbo wima, rudi kinyumenyume mpaka ilingane na mti kuanzia shina hadi kilele (angalia nyuma kuna mitaro). Uliposimama hadi kwenye shina ndo urefu wa mti. Unene zungusha tepu ya fundi cherehani mita 1.3 kutoka chini, gawa kwa 3.14. Maksi: walimu wa shule zote nne pimeni pamoja asubuhi, namba mzifungie kwenye bahasha, timu iliyokaribia zaidi inachukua. Hapo atalalamika nani?

Da Mwasi
Maji yapimwe kwa wadudu, mimi nilishafanya na wanafunzi. Chujio na beseni jeupe basi. Geuzeni mawe mtoni, mkiona vile vidogo vyenye mikia mitatu myembamba nyuma ni dalili nzuri, havivumilii uchafu. Mkikuta viwavi vyekundu kama nyuzi na hamna kingine, hayo maji yamechoka. Chukueni Mto Morogoro sehemu mbili, juu unakotoka Uluguru na chini ukishapita mjini, msiwaambie jibu.
Ila mwalimu KICHOCHO. Mtoto asiingie miguu mitupu, gambuti na glavu, wawili ndo waingie wengine wachambue ukingoni. Na masika msithubutu, maji ya mlimani yanashuka hujui yametokea wapi.

mzazi wa f3
Yote mazuri ila mtihani wa taifa wa NECTA hauulizi mikia ya wadudu.

Nyuki dume
Udongo upo kwenye jiografia mzazi. Mwalimu si uko Moro hapo? Nenda chuo cha kilimo SUA pale kwa watu wa udongo uombe jaji mmoja, akija hata mkuu wako atatulia.

Mwl_wa_Bios
Asanteni sana. Jana saa nne nimejaribu utepe na form three nyuma ya jiko la shule. Kuna binti huwa haongei darasani, muhula mzima sijui sauti yake, wenzie tepe zinakatika yeye anatoa kama sentimita saba hivi, anaunusa, ananiambia sir huu unafaa chungu ila uchanganye na mchanga kidogo la sivyo utapasuka motoni. Kumbe bibi yake mfinyanzi. Nimemweka kapteni wa udongo. Mkuu wa shule kakubali shimo lakini soda kagoma kukata. Sasa nimebaki na gambuti, nahitaji pea nane, namba 37 mpaka 40, kuna mtu Moro ana za kuazimisha kwa siku moja?