Naomba ushauri: siku ya kufika Machu Picchu tumsubiri wa nyuma, au kila mtu na mwendo wake?

Binti wa Tabata:
Habari za jioni wakuu. Mwezi wa nane, Mungu akipenda, tunakwenda Peru, watu saba wote wa hapa Dar, kutembea njia ya Wainka siku nne hadi Machu Picchu, ule mji wao wa kale wa mawe mlimani. Tumechanga mwaka mzima, vibali tumeshapata, kwa hiyo suala si pesa.

Suala ni rafiki yangu. Mwaka juzi tulipanda naye Kilimanjaro. Pale Gilman's Point, ukingoni mwa kreta kabla ya kilele cha Uhuru, mita 5,685, alikaa juu ya jiwe akaniambia nenda, mimi nimeishia hapa. Nikaenda. Nikafika Uhuru, nikapiga picha, na niliporudi nikakuta ameshateremshwa. Hajanilaumu hata siku moja, ila ile picha hajawahi kuomba kuiona.

Sasa kwenye kundi letu la WhatsApp wenzetu wamepanga kwamba asubuhi ya mwisho tukimbie, tuwahi Lango la Jua, pale unapouona mji kwa mara ya kwanza, kabla jua halijachomoza, atakayechelewa atatukuta. Yeye alisoma, akanyamaza. Magoti yanamsumbua, hasa kwenye kushuka. Nizungumze kwenye kundi au nimwambie yeye kwanza?

Mpagazi wa Marangu:
Dada, nimebeba mizigo Kilimanjaro miaka kumi na minne. Anayechoka hawekwi mkiani, anawekwa wa pili, nyuma ya kiongozi. Akiwa mkiani, ninyi mnakaa kupumzika, yeye anafika, ninyi mnainuka. Siku nzima hajapumzika hata mara moja, halafu mnasema ana mwendo mdogo.

Ila kichwa kikimuuma sana, akitapika au akianza kuyumba, hapo anashushwa, hakuna cha kubembelezana. Usichanganye hilo na uchovu. Kuteremshwa siku ile huenda ndiko kulikomsaidia.

Msafiri77:
Nilipita njia hiyo 2018. Hizo mbio hazina maana, waambie wenzako. Kituo cha ukaguzi pale Wiñay Wayna, kambi ya mwisho, kinafunguliwa saa 11:30 alfajiri, kabla ya hapo hapiti mtu. Mtaamshwa kama saa 9:30 usiku ili wapagazi wakunje mahema wawahi treni, kisha mtapanga foleni gizani. Kutoka hapo hadi Inti Punku, ndiyo hilo Lango la Jua, ni mwendo wa kama saa moja na nusu. Mkimbie msikimbie, jua litakuwa limeshachomoza.

Mimi niliwahi. Nilikuta ukungu mtupu, nikakaa kwenye ukuta natazama weupe. Mama mmoja wa kundi letu alifika nusu saa nyuma yetu, na ni wakati anavua mkoba ndipo wingu likafunguka. Tukauona mji wote kwa pamoja, matuta yake ya kilimo na ule mlima wa Huayna Picchu kwa nyuma. Tulipoteremka nilijaribu kupitisha ukucha kati ya jiwe na jiwe kwenye Hekalu la Jua, haukupita. Hakuna udongo wala chokaa katikati, na ni kazi ya karne ya 15.

Kwa magoti, ogopeni siku ya pili na ya tatu. Ya pili mnapanda hadi Warmiwañusqa, sehemu ya juu kabisa ya njia, mita 4,215, halafu mnashuka ngazi za mawe. Ya tatu ngazi tena, maelfu.

Mama Zawadi:
Mimi natofautiana kidogo. Wengine nao wamejinyima mwaka mzima, usiwafunge kwa ajili ya jambo lako na rafiki yako. Wenye haraka watangulie na kiongozi, wewe ubaki naye na kiongozi msaidizi. Muulizeni mwenye kampuni kama atakuwepo.

Lakini usimsemee kwenye kundi, utamvunjia heshima. Mpigie. Na usichelewe: kibali kina jina na namba ya pasi, hakihamishwi. Akijitoa kimyakimya kwa aibu, nafasi imepotea.

Mkwea Ngazi:
Magoti ayapeleke kwa daktari kwanza. Akiruhusiwa, afanye mazoezi ya kushuka ngazi, si kupanda tu. Jumamosi nendeni milima ya Pugu, baadaye Uluguru. Cusco, mji mtakaofikia kabla ya kuanza njia, uko kama mita 3,400 na ninyi mnatoka usawa wa bahari, kaeni siku mbili tatu kabla ya kuanza. Fimbo za kutembelea ziwe na mpira chini, chuma kitupu hawaruhusu.

Binti wa Tabata:
Asanteni sana. Nimempigia sasa hivi. Nilimwambia kwamba asubuhi ile nitatembea naye, wengine wakitangulia watangulie. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama bado ninayo ile picha ya Uhuru. Nimemtumia.

Daktari ni Jumatatu. Pugu tunaanza Jumamosi akiruhusiwa. Kwenye kundi amesema ataandika mwenyewe. Hizo fimbo zenye mpira zinapatikana wapi?

Mpagazi wa Marangu:
Moshi mjini, maduka ya vifaa vya mlima yanauza na kukodisha. Mje naye, azijaribu urefu mwenyewe.