Mchambuzi wa mifumo serikalini anaitwa mkataba ukishasainiwa, lawama zote zake

Wakuu, huu mchezo umezidi. Juni 30, mwisho wa mwaka wa fedha, inakaribia, fedha za mradi zikibaki zitarudi Hazina, basi mzabuni anaharakishwa ajenge mfumo wa kompyuta. Nyaraka ya mahitaji inaandikwa baadaye kwa kuchungulia skrini za mfumo ambao tayari upo. Halafu huo unaitwa uchambuzi!

Chukua mfumo wa vibali tu. Hadidu za rejea zinasema "mfumo utoe namba ya malipo", ile ya GePG, mfumo wa malipo ya serikali, inayoanza na 99. Basi, mstari mmoja. Mwombaji akilipa nusu je? Namba ikiisha muda kabla hajalipa, ombi linakufa au inatoka ankara mpya? Ankara mbili zikitoka kwa ombi moja na zote zikalipwa, nani anarejesha fedha? Taarifa ya malipo ikichelewa kurudi, mwombaji ana risiti ya wakala mkononi na mfumo unasoma "haijalipwa", karani afanye nini? Tunajua anachofanya: anaandika kwenye Excel yake pembeni. Mwisho wa mwezi mhasibu analinganisha taarifa ya benki, ya GePG na ya mfumo, na kila moja ina jumla yake.

Majibu hayo anayo karani wa dirishani na mhasibu wa mapato. Kwenye kikao cha kukusanya mahitaji wanakwenda wakuu wa vitengo, siku tano, posho kamili.

Majaribio ndiyo kichekesho. Mzabuni anajiandikia mwenyewe mambo ya kujaribu, yote yamenyooka: omba, lipa, chukua kibali. Hakuna ombi lililokataliwa, wala lililorudishwa kwa marekebisho. Hakuna afisa aliye likizo huku maombi yamekwama kwenye akaunti yake. Hili la mwisho ndilo baya kuliko yote: hatua ya kuidhinisha imefungwa kwa jina la mtu badala ya cheo. Akihamishwa, nywila inaachwa ofisini. Mkaguzi anakuta vibali vimeidhinishwa na mtu aliyeondoka kituoni siku nyingi, na anayeitwa kujieleza ni mchambuzi.

Ukiomba kurekebisha, jibu ni "hayamo kwenye mkataba". Yatakuwamo vipi na hakuna aliyeuliza?

Zabuni isipande NeST, mfumo wa ununuzi wa umma, kabla karani na mhasibu hawajasaini kila hitaji, pamoja na yanayotokea mambo yakienda kombo. Wenzangu wa halmashauri, kwenu anasaini nani?