Nimekonda, au macho ya watu yamezoea mwili wangu wa zamani?

Mkazi wa Igoma: Habari zenu, ndugu. Mwaka jana nilikuwa na kilo 86. Sasa nina 72, na kwa urefu wangu wa mita 1.70 uwiano wa uzito na urefu (BMI) ni 24.9, yaani nimeingia kwa tabu tu ndani ya kiwango cha kawaida, ambacho ni 18.5 hadi 24.9. Hata hivyo, kila nikishuka kwenye daladala naulizwa kwa sauti ya chini kama naumwa, na jirani ameniletea uji wa ulezi kwenye chupa ya chai. Linalonisumbua zaidi ni kwamba siku hizi hata mimi nikijitazama kwenye kioo naona mashavu ya mgonjwa. Je, maneno yanaweza kulidanganya jicho kiasi hicho?

Mhaya wa Nyakato: Kijana wangu, sisi wa kandokando ya ziwa tulifundishwa kuogopa wembamba. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983. Tukauita Juliana, kwa jina la nguo iliyopendwa wakati huo, na Waganda wakauita Silimu, kutokana na neno la Kiingereza "slim", yaani mwembamba, kwa sababu ya kukondesha. Ukimwona mtu shingo imechongoka, ulianza kumhesabia miezi. Leo wengi wanaotumia dawa wana miili ya kawaida kabisa, ila macho yetu hayajapata habari hizo.

Mwalimu wa saikolojia: Jicho nalo hupima kwa kulinganisha. Ukitazama picha za miili minene kwa dakika chache, mwili wa wastani unaofuata utauona mwembamba kuliko ulivyo.

Mama Dagaa, Mwaloni: Mzee, shikamoo. Mimi yalinipata kinyume chake. Wateja walinisifu kwamba nimenawiri na biashara inalipa, nami nikaamini, hata nikashonesha magauni mapana zaidi. Jioni moja binti yangu alinibonyeza mguu kwa mzaha, na alipoondoa kidole pakabaki shimo, kama kwenye donge la unga wa chapati. Kumbe hayakuwa mafuta bali maji. Figo zilikuwa na tatizo, na sifa zile zote zilinichelewesha kwenda hospitali.

Mkazi wa Igoma: Pole sana, mama. Mzee, shikamoo. Nimetafuta picha ya mwaka niliooa, nilipokuwa na kilo 70: mashavu ni haya haya, na siku ile hakuna aliyeniletea uji. Chupa ya jirani nitairudisha leo. Uji wenyewe nimeunywa.